Mashine yetu ya hatua 24 inakubali mara moja kati ya nne, na kila hatua peke yake ni nzima

Gololi_Tatu ameuliza:

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa mashine za mfululizo, zile ambazo gololi inaangusha domino, domino inafyatua mtego, mtego unavuta kamba, mpaka mwishoni kazi moja ndogo isiyo na maana inafanyika kwa safari ndefu kabisa. Tuko wanafunzi sita kwenye timu, mashindano ya uhandisi yamebaki siku 19, na kazi tuliyopewa ni kufungua mwavuli.

Kanuni kwa ufupi: hatua zisipungue 20, zote ziishe ndani ya dakika mbili, na mkono wa mtu ukigusa chochote baada ya kuanza mnakatwa alama. Kuna mizunguko miwili, katikati mnapewa dakika 10 za kutega upya. Sisi kutega upya kunatuchukua dakika 22, lakini hilo tuliweke pembeni kwanza.

Tuligawana hatua nne nne. Kila mtu akajenga zake, akazijaribu mara kumi, zikakubali mara kumi, tukapigiana makofi. Tukaziunganisha. Tangu siku hiyo mashine nzima inafika kwenye mwavuli kama mara moja kati ya nne, na haigomi mahali pamoja. Mara hatua ya 7, mara hatua ya 15, mara hatua ya 19. Ila ya 7 ndiyo inaongoza: gololi inatoka kwenye reli, inatakiwa itue kwenye kikopo kilichofungwa kwenye ncha ya wenzo, inaruka nje. Mwenye hatua hiyo ni binti mtulivu kuliko sote, na sasa mashine ikisimama tu watu wanamgeukia yeye hata kabla ya kuangalia imesimama wapi. Juzi aliondoka katikati ya mazoezi.

Timu imegawanyika. Wawili, yeye akiwemo, wanataka tupunguze hadi hatua 20. Wawili wanataka tuongeze hadi 30 kwa sababu waliowahi kushinda walikuwa na nyingi. Mmoja anataka tuondoe mitego yote tuweke vihisi na mota kila mahali, eti umeme haukosei. Huyo ndiye mwenye hatua za 21 hadi 24, zenye mota, na anajisifu kwamba zake haziangushi mtu. Mimi nahodha nimekaa katikati kama roda, kila upande unavuta kamba yake.

Mnaitafutaje kasoro ya kitu ambacho kila kipande chake ni kizima?

---

Paka_wa_Gereji:

Toeni hiyo ya 7, maisha yaendelee.

---

Fyatuo_Mzee:

Msiitoe bado. Na huyo binti mwombeni arudi, mtamhitaji.

Nimeshiriki mara tatu nilipokuwa mwanafunzi, nimelea timu mbili, na siku hizi naketi upande wa majaji. Kwa hiyo nimeona mashine nyingi zikifa kuliko zikifika. Mwaka wangu wa pili tulikuwa na hatua 31, tumeipaka rangi, tumeipa na jina. Ikafa kwenye hatua ya 3 mbele ya ukumbi mzima, kwa sababu feni ya dari iliangusha karata moja kabla ya zamu yake. Kule tulikofanyia mazoezi hakukuwa na feni. Nilisimama pale mikono mfukoni nikiitazama karata ile, na mpaka leo nikiingia ukumbi wowote naangalia dari kwanza.

Tuje kwako. Kosa la kwanza ni hayo makofi ya "kumi kwa kumi". Hatua inayokosea mara moja katika kila kumi bado ina nafasi ya asilimia 35 ya kupita majaribio kumi bila kosa hata moja. Kwa hiyo mlichothibitisha ni kwamba hatua zenu si mbovu kabisa. Hamkuthibitisha kwamba ni nzima.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kwenye mnyororo hatua zinazidishana. Kila hatua ikikubali mara 95 kati ya 100, watu wanasikia 95 wanafurahi. Zidisha 0.95 ishirini na nne kwa pamoja uone: unapata 0.29. Mashine ya hatua "nzuri" inafika mara 29 kati ya 100. Ukiwasikiliza wa kupunguza ukabaki na hatua 20, unapanda hadi 36 tu. Mmetupa kazi yote ya mtu mmoja, hatua nne, mmepata asilimia saba. Lakini acha 24 kama zilivyo, pandisha kila moja kutoka 95 hadi 99: mashine inafika mara 79. Ifikishe 99.5: inafika mara 89. Ndiyo maana mabishano ya 20 au 30 kwa sasa hayana faida.

Kwa mara moja kati ya nne yako, wastani wa kila hatua ni kama 94. Ila huo wastani usikudanganye. Kwa nilivyoona, huwa hazikosei zote kidogo kidogo. Huwa ziko tatu au nne zinazoharibu, na nyingine 20 zinabeba lawama.

Cha kufanya: nunueni daftari. Pigeni majaribio 40 ya mashine nzima, na katika hayo 40 msirekebishe chochote. Najua inauma. Mkirekebisha kila baada ya kosa mtakuwa mnapima mashine 40 tofauti. Andikeni namba ya jaribio, hatua iliyogoma, nani aliitega, na kilichoonekana. Simu moja isimame mahali pamoja ikirekodi kwa mwendo wa taratibu, kwa sababu jicho la mwenye hatua huona anachotaka kuona. Kisha lete hesabu hapa.

Jambo moja la kufikiria wakati mnaandika. Hatua nzuri ni mtego uliokwisha tegwa. Domino iliyosimama ina nishati yake tayari, aliiweka yule aliyeisimamisha, jirani yake anatoa ruhusa tu. Mwaka 1983 Lorne Whitehead alieleza kwenye jarida moja la fizikia la Marekani safu ya domino 13, kila moja ikiizidi iliyotangulia mara 1.5 kwa kila kipimo. Ya kwanza ni ndogo kuliko ukucha, ya mwisho inazidi nusu mita, na zinaangushana zote. Hapo ndogo haikuibeba kubwa, iliigusa tu. Pita kwenye kila hatua yako ujiulize: jirani anagusa au anabeba? Zile ambazo jirani anabeba, anza kuzishuku.

---

Kamba_na_Nati:

Dada wa kutega nipo hapa, niliwahi kuwa na kazi hiyo tu kwenye timu yetu: kutega. Dakika 22 nazo si za kuweka pembeni. Anayetega kwa haraka anatega vibaya, kwa hiyo makosa mengine mnayoyaita ya mashine ni ya vidole.

Sisi tulishuka kutoka dakika 25 hadi 8 na hatukubadilisha hatua hata moja. Kila kitu kinachosimama kilichorewa mstari wa nyayo zake kwenye plaiwudi, kwa kalamu isiyofutika. Domino hazipangwi kwa macho, zinapangwa kwa kijiti chenye mapengo, unakilaza, unasimamisha, unakivuta. Kamba zote tulizipiga fundo moja mahali ambapo lazima lifike, fundo likiwa nje ya alama hujatega.

Halafu kila mtego uwe na pini ya usalama yenye kitambaa chekundu. Sisi zilikuwa tisa. Unatega ukiwa na amani kwa sababu hata ukigonga meza hakuna kinachofyatuka. Ukimaliza unazichomoa kwa mpangilio, na mtu mmoja anashika vitambaa mkononi anahesabu kwa sauti. Tisa? Tunaanza. Nane? Hakuna anayegusa gololi ya kwanza. Siku moja tulihesabu nane tukaanza hivyo hivyo, sina haja ya kusimulia.

Na chini ya kila mguu wa meza wekeni bolti ya kuzungusha, mbebe pimamaji. Sakafu ya huko si sakafu yenu.

---

Msanii_wa_Karata:

Nawasoma naona mnamsaidia ndugu yetu kujenga kiwanda. Asilimia, daftari, pimamaji. Hivi mnakumbuka hii michezo ilitoka wapi?

Rube Goldberg, aliyezaliwa 1883, alisomea uhandisi wa madini kule Berkeley akahitimu 1904. Akaajiriwa kwenye idara ya maji na maji taka ya San Francisco, akakaa kama miezi sita, akaondoka kwenda kuchora vibonzo magazetini. Mashine zake ziliishi kwenye karatasi, na zilikuwa za kumcheka mtu anayetumia nguvu nyingi kufanya jambo dogo. Zikapendwa mpaka mwaka 1931 jina lake likaingia kwenye kamusi ya Merriam-Webster kama neno la kuelezea kitu cha namna hiyo. Waingereza nao wana Heath Robinson wao, Wadenmark wana Storm P. Wote hao ni wachoraji. Wanafunzi wa uhandisi wa chuo cha Purdue ndio waliogeuza kuwa mashindano mwaka 1949, yakafa 1955, yakafufuliwa 1983, na kufikia 1988 yakawa ya Marekani nzima. Mwaka 2012 timu ya hapo hapo Purdue ilifikisha hatua 300 ili kupuliza puto na kulipasua. Mia tatu! Unadhani mtu aliyefika pale alikuwa anawaza asilimia?

Mtazamaji anataka kucheka na kushika pumzi. Ongezeni hatua, wekeni kisa, mwavuli ufunguke kwa sababu "mvua" imeanza kunyesha kwenye hatua ya 20. Ikikwama, cheka nayo.

---

Fyatuo_Mzee:

Msanii, kisa nakubali, na hilo la mvua nitakuwa wa kwanza kulipa alama. Ila aliyefikisha 300 ndiye aliyewaza asilimia kuliko sote. Hata hatua zake zingekuwa za 99, mashine ya 300 ingefika chini ya mara 5 kati ya 100. Kicheko cha kwanza ukumbini ni cha furaha. Ukigusa mara ya tatu, wanaocheka wanakucheka wewe.

---

Gololi_Tatu (baada ya siku tano):

Wakuu nimerudi. Binti naye amerudi, yeye ndiye aliyeshika daftari, na mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Kutega tumeshuka hadi dakika 13, asante sana dada Kamba, vitambaa vyetu viko saba.

Majaribio 40. Yaliyofika kwenye mwavuli: 9. Yaliyogoma: 31, hivi:

hatua ya 3 mara 1, ya 7 mara 13, ya 10 mara 1 (ni karata zilizosimama, dirisha lilikuwa wazi), ya 15 mara 9, ya 19 mara 5, ya 22 mara 2.

Kwa hiyo ya 7 ndiyo mbaya kuliko zote, kama tulivyosema. Jamaa wa mota amefurahi, zake zimekosea mara mbili tu.

---

Fyatuo_Mzee:

Asifurahi. Na wewe usimpelekee binti habari hiyo kabla hujasoma hapa.

Hatua ya 7 imepewa nafasi mara ngapi? Majaribio 40, moja likafia kwenye ya 3, kwa hiyo 39 zilifika kwake. Kosa 13 kati ya 39, asilimia 33. Zilizopita kwake ni 26, moja ikafia kwenye karata, zikafika 25 kwenye ya 15. Kosa 9 kati ya 25. Hiyo ni asilimia 36. Hatua ya 15 ni mbaya kuliko ya 7. Ilionekana afadhali kwa sababu ya 7 ilikuwa inaikinga, mitihani ilikuwa haimfikii. Endelea: 16 zikafika kwenye ya 19, zikafa 5, asilimia 31. Zikabaki 11 kufika kwenye ya 22, na hapo zikafa 2. Mbili kati ya kumi na moja ni asilimia 18. Ndugu yetu wa mota hakuwa mzuri, alikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Angalia sasa jambo hili. Tuseme mnatengeneza ya 7, ya 15 na ya 19 zinakuwa kamili kabisa, ya 22 mnaiacha kwa sababu "ni mbili tu". Mashine yenu itafika kama mara 77 kati ya 100. Karibu mara moja kati ya nne itagoma, na mara nyingi itagomea kwenye mota, sekunde chache kabla ya mwavuli, watu wote wakiwa wameshika pumzi.

Hapa nina kosa langu pia. Nilisahau kukwambia kwamba mashine ikigoma mkishaandika, mngeisukuma kwa kidole ikaendelea, ili hatua za mbele nazo zipate mitihani yake. Ningekuokolea hesabu hii. Fanyeni hivyo safari ijayo.

Maswali mawili. Hatua ya 15 ni nini hasa, na ni ya nani? Na makosa mawili ya 22 yalikuwa jaribio la ngapi?

---

Gololi_Tatu:

Hatua ya 15 ni yangu.

Ni mtego wa panya, ukifyatuka unavuta kamba ya pamba, kamba inachomoa pini, pini imezuia chupa ya maji ya kilo 1. Mara nyingi mtego unafyatuka vizuri, pini inasogea kidogo inabaki. Nilikuwa naiita "bahati mbaya" kila mara. Nimehesabu kwenye video, nimeitamka mara sita.

Makosa ya 22 yalikuwa jaribio la 36 na la 39. Mota inazunguka taratibu, inashindwa kukunja kamba. Betri ni ile moja ya mraba ya volti 9.

---

Fyatuo_Mzee:

Usijali, kila nahodha ana pini yake.

Tuanze na ya jamaa kwa kuwa ni rahisi. La 36 na la 39, yaani mwishoni, betri imechoka. Betri ndogo ya mraba ya volti 9 ni ya vitu vinavyokula umeme kidogo. Ndani yake ukinzani ni mkubwa, ukiipa mota inayovuta mzigo volti zinashuka hapo hapo. Aweke betri nne za volti 1.5 zilizopangwa mfululizo, zile nene, ahakikishe mota yake inazungusha ule mzigo kwa volti 6. Zibadilishwe asubuhi ya mashindano hata kama zinaonekana nzima. Na kuhusu "umeme haukosei", umeme unakosea vizuri tu, tofauti ni kwamba hauanguki mezani ukauona. Mimi kama jaji, nikishindwa kuona kwa macho nini kimesababisha nini, siwezi kukuhesabia hatua kwa moyo mweupe.

Hatua yako ya 15. Pini imebanwa na kilo nzima, na msuguano unakua kadiri pini inavyobanwa. Hapo mtego haugusi, unabeba. Usitafute mtego wenye nguvu zaidi. Weka wenzo katikati: chupa ining'inie upande mfupi, karibu na egemeo, pini izuie ncha ya upande mrefu. Upande mrefu ukiwa mara kumi ya mfupi, pini inazuia sehemu moja ya kumi ya ule uzito, hata kidole cha mtoto kitaichomoa. Piga pini msasa iwe laini. Kamba ya pamba itupe, inarefuka na inabadilika na unyevu wa hewa, tumia waya mwembamba wa kusuka. Na iache ilegee kidogo, mkono wa mtego upate mwendo kwanza ndipo uikamate kwa mshtuko. Pini iliyoganda inashtuliwa, haibembelezwi.

Ya 19 hujaieleza.

---

Gololi_Tatu:

Kigari kinashuka kwenye ubao, kinagonga domino chini. Kinapinda kushoto au kulia.

---

Fyatuo_Mzee:

Kuta mbili za plaiwudi, kijia kikizidi upana wa kigari kwa milimita chache. Imekwisha. Au toeni kigari muweke gololi kwenye mfereji, lakini kigari kina sura nzuri, nisingekitoa.

Sasa ya binti, ambayo naipenda kwa sababu kosa lake si la uzembe. Gololi ikibingirika bila kuteleza, sehemu mbili za saba za nishati yake zinaishia kwenye kuzunguka, zinazobaki ndizo za kwenda mbele. Ikishuka kimo cha sm 5 inatoka na mwendo wa kama mita 0.84 kwa sekunde. Ikidondoka kutoka hapo sm 20, inatua kama sm 17 mbele. Uzito wa gololi haumo kwenye hesabu hii, kwa hiyo kubadilisha gololi hakusaidii. Lakini kile kimo cha sm 5 kikiwa sm 4, kwa sababu meza imeinama au reli imelegea, inatua sm 15. Sentimita moja huku, karibu mbili kule. Kikopo chenu kina mdomo wa upana gani? Nadhani ni kifuniko cha chupa.

Asilenge. Aiue kasi kwanza. Mwisho wa reli aweke ukuta mdogo wenye kitambaa kinene, gololi igonge pale, ifie pale, idondoke wima kupitia kipande kifupi cha bomba hadi kwenye kikopo. Chini ya kikopo atie mchanga kidogo, gololi ikitua kwenye mchanga hairuki. Mchanga una uzito, kwa hiyo wenzo wake asawazishe upya.

---

Gololi_Tatu:

Ni kifuniko cha chupa. Umejuaje?

---

Fyatuo_Mzee:

Huwa ni kifuniko cha chupa.

---

Paka_wa_Gereji:

Naomba kuondoa maoni yangu ya mwanzo. Toeni ya 15.

---

Gololi_Tatu (siku mbili kabla ya mashindano):

Taarifa fupi. Majaribio 30 mapya, safari hii tukisukuma kwa kidole kila inapogoma. Yaliyofika bila kuguswa ni 26. Ya 7 haijakosea hata mara moja. Ya 15 imekosea moja, na ni mimi nilisahau kulegeza waya. Ya 22 sifuri. Muda ni dakika 1 na sekunde 41. Kutega dakika 9, bila kukimbia.

Hatukuongeza hatua wala kupunguza. Ila tumechukua wazo la Msanii: chupa yangu ya kilo 1 ikishuka inamimina mchele kwenye bati, sauti yake ni mvua kabisa, halafu mwavuli unafunguka. Wale wawili waliotaka 30 wametulia.

Jamaa wa mota anabeba betri za akiba kwenye mifuko yote miwili.

---

Fyatuo_Mzee:

26 kati ya 30 ni kama 87. Mizunguko yote miwili kupita bila kuguswa ni kama asilimia 75. Nenda ukiwa na moyo huo huo, lakini mkubaliane leo nani atagusa ikigoma, na wapi. Mtu mmoja tu. Wakigusa wawili mnakatwa mara mbili.

---

Gololi_Tatu (baada ya mashindano):

Tumeshika nafasi ya tatu. Mzunguko wa kwanza ulipita wote bila mkono, mvua iliponyesha kwenye bati ukumbi ulinyamaza kabisa, mwavuli ulipofunguka nilimwona jaji mmoja akimpiga mwenzake bega. Mzunguko wa pili tuligusa mara moja. Binti ndiye aliyeteuliwa kugusa, aligusa kwa kidole kimoja akarudi nyuma kama hajafanya kitu.

Asanteni sana wote. Kweli kabisa.

---

Kamba_na_Nati:

Hongereni! Vitambaa vilikuwa saba?

---

Gololi_Tatu:

Saba, mara zote mbili, kwa sauti.

---

Fyatuo_Mzee:

Hongera nahodha, nafasi ya tatu si haba. Mligusa hatua ya ngapi?

---

Gololi_Tatu:

Ya 10. Zile karata.

---

Fyatuo_Mzee:

Usiniambie.

---

Gololi_Tatu:

Feni. Mzunguko wa kwanza tuliomba izimwe. Wa pili kuna mtu alisikia joto.